Wimbo wa White Hart Lane

Siku hizi tiketi ya Tottenham iko ndani ya simu. Unaigusisha mlangoni, taa inawaka kijani, unaingia kwenye uwanja wa watu 62,850 ambao hata bia yake inajaa kutokea kitako cha gilasi kwenda juu. Mimi si mnywaji, lakini nimewahi kuikodolea macho ile mashine mpaka mpira ukaanza nikiwa bado kwenye korido. Kamera ziko kila pembe. Ukisikia mtu anatoa maneno ya ubaguzi, kuna namba ya kutuma ujumbe: unaandika safu na kiti, mlinzi anakuja. Mambo mazuri yote haya. Na bado moyo wangu unarudi kwenye uwanja wa zamani, ule White Hart Lane wa nguzo zilizokuziba usione goli na vyoo vya kubana pua, ambako yalisikika mambo ambayo hakuna aliyekuwa na namba ya kuyatuma popote.

Nilifika London kutoka Mombasa mwaka 1994, mwanafunzi mwenye koti moja, nikapanga chumba karibu na Seven Sisters kwa sababu ya kodi yake, wala si kwa sababu ya mpira. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee Myahudi, dereva wa zile teksi nyeusi, aliyebakiza miaka michache astaafu. Kwetu humwiti mtu wa umri ule kwa jina, nikamwita Mzee, hivyo hivyo kwa Kiswahili. Akaliridhia. Akataka naye ajue la kuniita, nikamfundisha "bwana mdogo", akalitamka kwa lafudhi ya mashariki ya London hadi mwisho wa maisha yake. Jumamosi moja mwenzake wa uwanjani aliumwa, akanigongea: "Bwana mdogo, una kazi leo?" Ndivyo nilivyopata timu.

Habari za Tottenham nilizijua kwanza kwa njia ya nasaba yake. Babu yake aliingia London kabla ya vita vya 1914, akikimbia mateso ya Wayahudi katika dola ya Urusi, kama maelfu ya wengine waliojazana Whitechapel wakishona makoti na viatu. Tramu ya umeme iliwatoa kule hadi Tottenham kwa nauli ndogo. Mechi zilikuwa Jumamosi, nayo Jumamosi ni Sabato. Asubuhi sinagogi, mchana mpira, na aliyepanda tramu alimwomba Mungu asiangalie kwa dakika tisini. Kufikia miaka ya 1930 ilikisiwa kwamba hata theluthi moja ya watazamaji wa pale walikuwa Wayahudi.

Ndiyo maana hadi leo sielewi wakubwa wa soka walifikiri nini walipoichagua White Hart Lane, katika viwanja vyote vya nchi ile, iwe mahali pa England kucheza na Ujerumani ya Hitler tarehe 4 Desemba 1935. Wajerumani wapatao 10,000 walishuka London kushangilia. Vyama vya wafanyakazi vikalalamika, serikali ikajibu kwamba mpira ni mpira. Bendera ya swastika ikapandishwa juu ya paa la jukwaa, juu ya vichwa vya watu wa mtaa ule ule. Mtu mmoja akakwea paani akaikata kamba, bendera ikashuka. England ikashinda 3-0. Baba yake Mzee, kijana wakati huo, aligoma kwenda siku ile, kisha Jumamosi iliyofuata akarudi mahali pake kama kawaida. Mzee alikihadithia kisa hiki akitikisa kichwa. "Timu yako inaweza kukuuza mchana kweupe," alisema, "na wewe ukawahi foleni ya tiketi."

Mwaka niliofika mimi ndio Tottenham walimsajili Jürgen Klinsmann. Mjerumani, mwenye sifa ya kujiangusha, amekuja kwenye klabu inayotukanwa kuwa ya Wayahudi! Mechi ya kwanza, ugenini kwa Sheffield Wednesday, Spurs, ndio Tottenham wenyewe, walishinda 4-3, Klinsmann akafunga, akajitupa kifudifudi kwenye nyasi kuwakejeli waliomwita mjiangushaji. Haukupita muda jukwaa likamtungia wimbo wa kumsilimisha, kana kwamba kuvaa ile jezi nyeupe ni kuingia Uyahudi. Mzee alicheka hadi akakohoa. Msimu huo huo Ronny Rosenthal, Mwisraeli, aliingia kutoka benchi kule Southampton katika Kombe la FA, timu iko nyuma 2-0, akafunga matatu, na mechi ikaisha 6-2 baada ya muda wa nyongeza. Huyu Rosenthal ndiye aliyetakiwa na Udinese ya Italia mwaka 1989, kuta za mji zikachorwa matusi ya kuwakataa Wayahudi, na usajili ukavunjika. Klabu ilisema tatizo ni afya yake. Southampton waliionja ile afya.

Na palikuwa na wimbo. Jukwaa zima lilijiita jeshi la Yid. Hilo ni tusi la Wayahudi, na wazee wa mashariki ya London walilikumbuka kutoka midomoni mwa wafuasi wa mfashisti Oswald Mosley, wale wenye mashati meusi, waliopita mitaani mwao miaka ya 1930 wakiimba kwamba watawafyeka. Kwenye mpira lilirudi baada ya vita, mashabiki wa timu nyingine wakiwarushia Spurs. Na mashabiki wa Spurs, ambao wengi wao hawajui hata mlango wa sinagogi ulipo, wakaliokota na kulivaa. Mnatuita hivyo? Basi ndio sisi. Maelfu ya Waingereza wekundu wa jua na pombe, pamoja na vijana wa Jamaica na Cyprus na Ghana waliokulia mtaani pale, wanajitangaza Wayahudi kwa sauti moja, huku nyota ya Daudi ikipepea kwenye bendera nyuma ya goli. Sitajifanya mtakatifu kwa sababu nyakati zimebadilika. Ulikuwa wimbo mtamu, ulipanda kutoka miguuni, na mgeni kama mimi niliyerushiwa matusi ya kwangu mwenyewe kwenye basi la usiku nilielewa bila kuelezwa kwa nini watu wachukue tusi walifanye vazi.

Mzee hakuuimba. Wakati wote alioniketisha pembeni yake sikumsikia akiuimba, wala hakumkataza mtu. Binti yake, aliyekuwa rika langu, aliuimba kwa nguvu zake zote. Aliniambia kwamba shuleni alificha Uyahudi wake mpaka akakaribia kuusahau, na White Hart Lane ndiko mahali pa kwanza aliposikia watu wakiutaja kwa furaha. Baba na binti waligombana juu ya jambo hili mezani kwao, mbele yangu, sahani ya samaki baridi wa kukaanga katikati. Binti akasema wale wanatutetea. Mzee akasema, "Adui najua la kumfanya. Rafiki anayenitukana kwa mapenzi nimfanyeje?" Kisha akaniuliza kama kwetu samaki tunamla na limau.

Majibu ya mashabiki wageni kwa wimbo ule yalikuja bila maneno. Chelsea, West Ham, Arsenal pia. Si wote, lakini kundi la kutosha. Walibana meno wakatoa ssss, ndefu, hadi ikajaa kona yao ya uwanja, na mara ya kwanza nilidhani bomba la maji limepasuka chini ya jukwaa. Mzee alinieleza bila kugeuza shingo. "Ni gesi, bwana mdogo. Wanatufanyia gesi ya Auschwitz." Akaninyooshea mkono nimpitishie biskuti.

Sheria ilikuwepo. Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya soka mwaka 1991 na kukataza nyimbo za kibaguzi viwanjani, ila kosa lilihesabika tu kama mtu ameimba pamoja na mwingine. Mbaguzi wa peke yake alikuwa salama hadi marekebisho ya 1999. Jambo la kuchekesha kama si la kusikitisha. Na hata baada ya marekebisho, ssss ni wimbo gani? Polisi ataandika nini kwenye daftari? Nilimwona askari mmoja kijana akiwatazama waliokuwa wakiifanya, akitazama viatu vyake, akiwatazama tena.

Baadaye, nilipoanza kuandika makala za magazeti ya nyumbani, nikaifuata habari hii kwa daftari langu mwenyewe. Wapo walioichimba kwa elimu. Emma Poulton wa Chuo Kikuu cha Durham amechunguza kwa miaka jinsi mashabiki wa Tottenham wanavyolitumia lile neno na wanavyojieleza. Anthony Clavane aliandika kitabu juu ya Wayahudi katika soka la Uingereza, kuanzia wachezaji hadi wenyeviti. Nami nilikwenda kwa watu wa kawaida, kwenye treni, kwenye duka la mkate, nje ya uwanja, nikiuliza swali moja tu: umeacha kufanya nini?

Ndipo nikaanza kuelewa. Baba mmoja aliniambia yeye na wanawe huvua kofia zao ndogo za kidini stesheni ya Seven Sisters na kuvaa kofia za klabu, na wadogo wanadhani ni sehemu ya furaha ya mechi. Mwanamke mmoja alilipa zaidi kila msimu ili akae mbali na kona ya wageni. Mwingine alimwambia mwanawe kwamba ile ssss ni watu wanamzomea refa. Mtoto naye, akiwa nyumbani mbele ya televisheni, refa alipokosea, akaifanya. Hapo mama yule akanyamaza kidogo, akasema tuzungumze habari nyingine.

Walioniuma zaidi ni Wayahudi wa Chelsea. Shabiki wa Tottenham anatukanwa kutoka ng'ambo ya uwanja. Huyu wa Chelsea anatukanwa na kiti cha nyuma yake, na mtu ambaye dakika tano kabla walikumbatiana kwa goli, wala mtu huyo hajui kama amemtukana jirani yake. Anadhani anawatukana Tottenham. David Baddiel na kaka yake Ivor, wote Chelsea, waliyasikia hayo Stamford Bridge, na mwaka 2011 wakatoa filamu fupi ya kuwaomba mashabiki waache, na ndani yake wamo Gary Lineker na Frank Lampard. Mashabiki wengi wa Spurs walikasirika: Chelsea ndio watufundishe adabu? Nami nilikuwa upande huo wa hasira. Lakini mzee wetu aliitazama kwenye kompyuta ya binti yake mara mbili, na hakusema kitu.

Nilikwenda Amsterdam pia, kwa Ajax, ambako hadithi ni ile ile ikiwa na makaburi mengi zaidi. Kabla ya vita mji ule ulikuwa na Wayahudi wapatao 80,000, wengi upande wa mashariki, jirani na uwanja wa De Meer. Katika Uholanzi nzima waliuawa zaidi ya 100,000, yaani robo tatu hivi. Eddy Hamel, winga wa Ajax wa miaka ya 1920, mzaliwa wa New York, alipelekwa Auschwitz akafia huko mwaka 1943. Salo Muller, aliyewakanda misuli akina Johan Cruyff kwenye timu bora ya klabu ile, alikuwa mtoto wa kufichwaficha, wazazi wake wote wawili waliangamizwa Auschwitz. Uzeeni mwake ndiye aliyelibana shirika la reli la Uholanzi mpaka likakubali kuwalipa fidia waathirika iliowasafirisha kwa treni zake. Leo mashabiki wa Ajax wanajiita Wayahudi na kuchora nyota ya Daudi mabegani, na wale wa Feyenoord wanawaimbia habari za gesi. Uwanja umejaa nyota, mtaa umebaki bila wenyewe. Niliona kijana ameichora shingoni, kubwa, nikamuuliza kama ana jamaa Wayahudi. Akashangaa swali. "Mimi ni Ajax," alisema.

Roma sina haja ya kukaa sana. Oktoba 2017 mashabiki wa Lazio walibandika uwanjani picha za Anne Frank, msichana Myahudi aliyefia kambini mwa Wanazi, akiwa amevalishwa jezi ya AS Roma, wakiona hilo ndilo tusi kubwa kuliko yote. Wachezaji wa Lazio wakavalishwa fulana za msichana yule kabla ya mechi iliyofuata, na shajara yake ikasomwa viwanjani Italia nzima. Baadhi ya watu waligeuka wakaimba wakati wa kusomwa.

Tottenham wenyewe walionja Roma mwaka 2012. Usiku wa kuamkia mechi ya Novemba na Lazio, watu waliofunika nyuso waliivamia baa ya Campo de' Fiori walimokuwa mashabiki wa Spurs, na damu ikamwagika. Kesho yake uwanjani ikaimbwa "Juden Tottenham". Siku chache baadaye, tarehe 25, West Ham walikuja White Hart Lane wakafungwa 3-1, na sehemu ya mashabiki wao wakaifanya ile gesi na kuliimba jina la Hitler, ilhali kwenye orodha ya wachezaji wao mwaka huo alikuwemo Yossi Benayoun, Mwisraeli, ambaye hakuficha uchungu wake. Mzee alikuwa na dawa yake ya West Ham. Mwaka 1923 Hakoah, klabu ya Wayahudi wa Vienna, ilikuja London ikawafunga 5-0 nyumbani kwao. Alilitaja goli la tano kama aliyekuwepo, na hakuwa hata amezaliwa.

Msimu ule wa Lazio na West Ham ulipoisha Mzee hakulipia tena tiketi yake. Nilimuuliza, akasema magoti. Barua ya klabu ya kuuliza sababu ilipokuja, akajaza "afya". Binti yake alinishika mkono jikoni akaninong'oneza kwamba baba anapanda ngazi za nyumba mara nne kwa siku, na magoti yale hayana shida. Nimesoma ripoti nyingi tangu siku ile, zenye hesabu za malalamiko yaliyopelekwa kwa Kick It Out, shirika la kupinga ubaguzi katika soka, na kwingineko, na kila nikifika kwenye jedwali namtafuta Mzee. Hayumo. Aliyelalamika anahesabiwa, aliyekamatwa anahesabiwa, na anayejibu dodoso anahesabiwa. Yule aliyerudisha kiti chake kimya kimya ameandikwa mahali fulani kama mgonjwa wa magoti.

Ilipofika Septemba 2013 chama cha soka kikatangaza kwamba lile neno ni la kuudhi na anayeliimba anaweza kushtakiwa. Waziri Mkuu David Cameron akasema anayejiita mwenyewe si sawa na anayetukana. Polisi wakawakamata mashabiki watatu, wote wa Tottenham, kwa kuimba wimbo wa kwao; Machi 2014 mashtaka yakafutwa. Mzee alilisoma gazeti akaliweka chini. "Miaka yote nawaomba wamkamate mtu," alisema, "wamempata jirani yangu wa kiti."

Sasa nije kwa Mkenya mwenzangu, kwa sababu ndiye aliyeileta habari hii hadi Pwani. Victor Wanyama alijiunga na Tottenham mwaka 2016, na ghafla kila baze ya Mombasa ilikuwa na watu wawili watatu wenye jezi nyeupe. Tarehe 14 Mei 2017, mechi ya mwisho kabisa ya uwanja wa zamani, Manchester United wakiwa wageni, Wanyama akaruka akapiga kichwa dakika ya sita na kufungua mabao. Tukashinda 2-1, kisha wakaingia wabomoaji. Mpwa wangu wa Kisauni alinitumia picha ya kundi lao la WhatsApp lililopewa jina la kujiita jeshi la Yid, tawi la Kisauni. Nikampigia.

"Mjomba, mbona unakasirika? Si wenyewe ndivyo wanavyoimba?"

Nikamwambia sijakasirika, nikamweleza habari ya ssss. Upande wa pili palikuwa kimya, halafu akauliza, "Kwani uwanjani kuna Wayahudi wa kweli?" Swali hili nimeliulizwa na watu wasomi kuliko yeye. Nikamkumbusha mechi za Gor Mahia na AFC Leopards: Leopards walizaliwa wakiitwa Abaluhya, serikali ikafuta majina ya kikabila mwaka 1980, jina likabadilika na midomo ya majukwaani ikabaki vile vile. Na mwaka wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tuliona utani ule ule wa uwanjani ukitoka nje na panga mkononi. Hapo akaelewa bila nyongeza.

Wapo walioniuliza, hasa tukitoka msikitini, kwa nini nijitaabishe na habari za Wayahudi hali wenzetu wanauawa Palestina. Nawajibu kwamba Mzee aliendesha teksi na hakuwahi kuamrisha jeshi. Nawaambia pia habari ya Chelsea. Klabu ile ilianzisha kampeni kubwa dhidi ya chuki kwa Wayahudi Januari 2018, ikafikiria hata kuwapeleka wakosaji Auschwitz wakajionee badala ya kuwafungia milango. Aprili 2019, kule Prague, mashabiki wake kadhaa wakarekodiwa wakimwimba Mohamed Salah, Mwislamu mwenzetu, kuwa mlipuaji mabomu. Mdomo ni mmoja.

Klabu yetu nayo ilikuja kuuliza. Mwaka 2019 mashabiki zaidi ya 23,000 walijibu maswali yake juu ya lile neno. Asilimia 94 walikubali kwamba linaweza kuwa tusi la kibaguzi, theluthi moja wakasema wanalitumia mara kwa mara kwenye mpira, na karibu nusu wangependa lipungue au liachwe. Februari 2022 klabu ikatoa kauli: wakati umefika wa kulipita. Haikupiga marufuku. Kwa hiyo ukienda leo utausikia bado, umepungua, zaidi ugenini, zaidi kwa wazee wa umri wangu. Vijana wana nyimbo zao.

Matusi nayo yamehama. Kijana mmoja wa Chelsea alifungwa jela mwaka 2021 kwa aliyoyaandika mtandaoni kuwarushia mashabiki wa Tottenham habari za Auschwitz. Mwaka huo huo, ndani ya ndege ya kwenda Eindhoven, mashabiki wa West Ham walimwimbia abiria Myahudi mwenye kofia na ndevu aliyekuwa akitafuta kiti chake. Huyo hakuwa hata shabiki. Halafu ikaja Oktoba 2023, na vita vya Gaza. Tao la Wembley halikuwashwa rangi za Israeli, na rabi aliyeongoza mtandao wa imani wa chama cha soka akajiuzulu. Nyota za Daudi zilizokuwa zikipepea nyuma ya goli nilipofika mwaka 1994 sikuziona tena msimu ule. Mwenye bendera mmoja aliniambia hataki kila mtu amuulize anamaanisha nini kuhusu Gaza. "Zamani nilimaanisha Tottenham," alisema.

Mzee alifariki kabla ya hayo. Alikosa pia Bilbao, tarehe 21 Mei 2025, Spurs walipoifunga Manchester United 1-0 na kubeba Kombe la Europa baada ya ukame wa miaka 17, jambo ambalo angelitilia shaka hata kwa picha. Binti yake bado ana tiketi ya msimu. Nilimuuliza kama anaimba. Akasema anaanza na wenzake, na likifika lile neno anakunywa maji. Mwanawe, mjukuu wa Mzee, anavaa mkufu wa nyota ya dhahabu aliourithi, na siku za mechi anauacha kwenye droo. Mama hakumwambia auache. Alipomuuliza akajibu kwamba uwanjani vitu vinapotea.

Mpwa wangu wa Kisauni, kwa upande wake, alilipeleka suala kwenye kundi lao. Walibishana wiki nzima, wakapiga kura, jina likabadilishwa kuwa Spurs Pwani. Mmoja alikataa katakata, akasema Waingereza hawawezi kumpangia jina la WhatsApp, akajitoa. Nasikia amehamia Arsenal. Sijui kama huko wameshamfundisha nyimbo zao za kuwahusu Tottenham.